Taulo Jeupe la Raundi ya Saba

9 Januari

Kwa Kocha,

Kabla hujauliza, mimi mzima. Goti la kulia ndilo linauma, la kushoto linaliiga tu kwa wivu. Barua yako nimesomewa mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikakasirika, kwa hiyo nakujibu.

Unasema Fundi Saa angemshinda Mwashi kwa pointi. Kaka yangu, umri umekupanda kichwani. Sawa, Fundi Saa alikuwa na ule mkono mrefu wa kushoto, anaunyoosha anaurudisha, anaunyoosha anaurudisha, mpaka mtu anasinzia kabla hajapigwa. Lakini wewe ulikuwa unaangalia mikono. Mimi nilikuwa nafua. Miaka kumi na tisa nimefua kila kilichotoka ukumbi ule wa ngumi, bukta, fulana za mazoezi, bandeji za mikono, mataulo, na nguo haijui kudanganya. Fulana ya Fundi Saa ilikuja imelowa makwapani hata siku ya mazoezi mepesi. Jasho la kwapa ni la woga, hilo halitoki hata kwa maji ya moto. Mwashi jasho lake lilikuwa la mgongoni, jasho pana, la mtu anayefanya kazi. Angemjenga taratibu, tofali juu ya tofali, ubavu huu, ubavu ule, raundi ya tisa Fundi Saa anakaa chini mwenyewe kama mtu aliyeletewa kiti. Haya wewe hukuyajua kwa sababu ulikuwa unatupa nguo kwenye beseni langu na kwenda zako.

La pili. Eti Nanga na Bwana Harusi ni sare. Sare ya nini? Mwanangu atoke sare na mtu anayepanda ulingoni na joho jeupe lenye nyuzi za dhahabu, halafu analia pua ikitoka damu kwa sababu joho litachafuka? Lile joho nimelifua mimi. Andika Nanga, raundi ya nne. Toka ulipohama tukaanza barua hizi za kuwapambanisha, mwaka wa saba huu, Nanga hajapigwa na mtu, na hatapigwa mwaka huu. Amekufa ana miaka ishirini na saba, Kocha. Hachoki, hanenepi, magoti hayamuumi. Nani atamweza?

Na Kifaru usiniletee. Tulikubaliana. Wengine wote tuwapambanishe tutakavyo, lakini Nanga na Kifaru walishakutana Jumapili ile moja, ikatosha.

Ulisema tujaribu tena simu. Tulijaribu. Wewe kiziwi kwa ngumi, mimi kiziwi kwa uzee, tukapigiana kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Anayeandika ni yuleyule, mkwe wangu, mke wa marehemu. Hakusalimii. Nimemwambia akusalimie, kasema mkono ni wa kunisaidia mimi, salamu ni zake. Sababu unaijua, yeye alikuona ulivyokimbia. Lakini kuandika anaandika, kila neno, hata haya ninayomsema. Akimaliza ananisomea, na akiruka hata kikohozi namrudisha.

Mimi,
Mama Sabuni


2 Februari

Dada yangu Mama Sabuni,

Ile ya makwapa nimeisoma nikacheka mpaka binti yangu akaja kutazama kama ndiyo nakata roho. Lakini jasho halimwangushi mtu. Mwashi jicho lake la kulia lilikuwa likiguswa mara mbili linajifunga, na Fundi Saa alikuwa anagusa mara kumi. Pointi. Nimefunga mjadala. Bwana Harusi nakuachia: Nanga, raundi ya nne. Umefurahi?

Sasa jambo lenyewe. Alikuja hapa mwandishi wa gazeti. Anatengeneza orodha ya wapiga ngumi kumi bora wa uzito wa juu waliopita ukumbi ule, na nani angempiga nani kama wote wangekutana wakiwa kwenye ubora wao. Kazi yetu hii hii, ila yeye ameajiriwa nayo. Nikampa Fundi Saa, Mwashi, Birika, Bwana Harusi, Kifaru. Nikampa Nanga. Akaniuliza, je, Nanga na Kifaru wakirudiana? Nikamwambia hao hatuwagusi. Ndipo akauliza lile wanalouliza wote: mzee, kwa nini siku ile ulimkimbia?

Wewe ulikuwepo. Ulikaa nyuma ya kona yangu pale pale, na ndoo zako. Raundi ya saba Nanga alikuwa amesimama lakini hayupo. Nikanyoosha mkono kwenye kiti nichukue taulo jeupe. Sheria ya ukumbi unaijua, mataulo ya bluu ni ya kufutia jasho, jeupe ni moja tu na ndilo la kurusha kusimamisha mchezo, refa hatazami jingine. Halikuwepo. Nikakuuliza, ukanikumbusha kwamba nimeliacha chumba cha kubadilishia. Nikakimbia. Hatua arobaini kwenda. Nikapekua mifuko, nikapindua benchi, nikatazama mpaka chooni. Niliporudi alikuwa chini, refa amepiga magoti kando yake, na ukumbi mzima ulikuwa umeuona mgongo wangu.

Sijawahi kulisema hili kwa mtu. Wakati ule nilidhani wanaosema nilikimbia kwa woga watachoka wenyewe. Hawakuchoka. Toka siku ile sijamfundisha mtu hata kukunja ngumi, na kila nikilala namtafutia taulo.

Mwandishi anarudi tarehe 20 Aprili. Nimeamua nimwambie: sikukimbia, nilisahau taulo. Wengine wataona ni yale yale. Mimi nimechoka kuitwa mwoga. Bora niitwe msahaulifu aliyemuua mtu, maana hilo angalau ni langu kweli. Naomba ruhusa yako, wewe ndiye mama yake.

Kocha


27 Februari

Kwa Kocha,

Barua yako imefika siku bomba la uani limepasuka, kwa hiyo usishangae nimechelewa. Maji yalikuja mpaka mlangoni. Fundi bomba kaja, kalitazama, kakuna kichwa, kaondoka kwenda kuleta kifaa, na kifaa hicho nadhani kiko nchi nyingine. Mkwe akawa anachota kwa ndoo kutoka kwa jirani yule mwenye mbwa, na mbwa mwenyewe hapendi ndoo.

Huyo mwandishi ana mama? Mwambie akaandike habari za mama yake. Taulo la nini kwenye gazeti? Watu wanataka kusoma ngumi. Mpe Birika na Mwashi, hilo ndilo pambano. Birika mfupi, mnene, anapumua kwa pua kama chombo chenyewe kikichemka, na Mwashi anamtafuta mbavu haoni, amezungukwa na nyama. Mwambie bandeji za Birika zilikuwa zinarudi kavu kama hazikuvaliwa. Yule mtu hakuwa anapiga, alikuwa anasukuma. Hayo ndiyo ayaandike. Umwambie kayapata kwa mfuaji.

Ruhusa sitoi. Mambo ya zamani yameshakauka, unayamwagia maji ya nini? Wewe umezeeka, una moyo mbovu, unataka watu waje wakusimamie mlangoni? Na Nanga hataongezeka kitu. Acha hivyo hivyo, kaka yangu. Nakuomba kwa zile ndoo zote nilizokubebea.

Goti bado.

Mama Sabuni

Kocha, hapa chini naandika mimi, mke wa Nanga, na hili Mama simsomei. Siku ya Jumapili ile nilikaa upande wa pili wa ulingo. Kitu cha mwisho nilichokiona kabla mume wangu hajaanguka ni mgongo wako. Nimekuita mwoga miaka ishirini na miwili, nyumbani, sokoni, kazini ninakopiga pasi, kwa kila aliyetaka kusikia. Kama ulisahau, mwambie huyo mwandishi. Nataka nilisome kwenye gazeti kwa macho yangu, halafu nitajua nikuchukie kwa lipi.


21 Machi

Dada yangu,

Nimesikia ombi lako. Nimesikia na la aliye karibu nawe, msalimie, mwambie ana haki yake. Nitamwambia mwandishi. Samahani, safari hii sikutii.

Ila kuna kitu kimoja kinanisumbua na wewe peke yako ndiye shahidi. Kabla ya kengele ya kwanza ulinikabidhi taulo mkononi, kama kawaida yako, limekunjwa mara nne. Hapo nakumbuka vizuri, lilikuwa bado na joto la pasi. Baada ya hapo ni giza. Sikumbuki kuingia nalo chumba cha kubadilishia. Sikumbuki hata kurudi kule. Nimejaribu kukumbuka mpaka nimeanza kujitungia. Ulipolisema siku ile, uliniona nikiliacha, au ulibahatisha tu?

Sitaki nimwambie mwandishi uongo. Nijibu kabla ya tarehe 20.

Birika na Mwashi: Birika. Anayesukuma naye hushinda, ilimradi ukuta upo nyuma.

Kocha


8 Aprili

Kwa Kocha,

Mkwe leo hayuko kazini, kwa hiyo tuna siku nzima. Nimemwambia aandike kila kitu na asisimame, tutasoma mwisho.

Asubuhi ya Jumapili ile Nanga aliamka mapema akaja jikoni. Mkwe ulikuwa bado umelala, ndiyo, wewe, andika. Nikamkaangia mayai sita. Alikuwa anakula mayai yale amesimama, unakumbuka alivyokuwa, kiti kwake kilikuwa cha wagonjwa. Akaniambia, Mama, Kocha atanirushia taulo. Nikamwambia akikurushia ndiyo kazi yake. Akasema kwa Mwashi alinirushia mapema, nilikuwa nimebakiza ngumi mbili nimlaze, watu wakanizomea mpaka mlangoni. Akirusha tena leo, sipandi ulingo maisha yangu yote. Lifiche, Mama. Nikamcheka. Nikampiga na kitambaa cha vyombo. Nikamwambia kula ukapigane.

Nililifua taulo lile kama kawaida, nikalipiga pasi, nikakukabidhi. Mpaka hapo unakumbuka sawasawa. Ukaliweka kwenye kiti cha kona. Hukulipeleka popote.

Raundi ya tano ilipoisha akaja kukaa, wewe ukawa unamfuta uso kwa la bluu, unamwambia ashushe kidevu. Alikuwa hakutazami wewe. Alikuwa ananitazama mimi, juu ya bega lako. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, lile lingine likaenda kwenye taulo, likarudi kwangu. Kocha, hakuwa mtu mzima yule. Alikuwa na uso wake wa miaka sita akitaka nimfichie kitu baba yake asikione. Na mimi, nisidanganye, si yeye tu. Hata mimi nilitaka ashinde. Nilikuwa nimeshawaambia wote pale bombani kwamba wiki ijayo nitafua bukta ya bingwa.

Kengele ilipolia, mkainua macho wote kumtazama yeye. Nikalichukua. Nikaliweka chini yangu, nikakaa.

Andika, mwanangu.

Ulipogeuka ukaanza kupapasa kile kiti, ukapapasa ndoo, ukajipapasa mabega, nililisikia chini yangu likiwa bado na joto. Ukaniambia, Mama, taulo. Ningeweza kusimama tu. Kusimama ni kazi gani? Nikakwambia umeliacha ndani. Nilidhani utakwenda na kurudi, hatua chache tu, na yeye atakuwa amepata zile ngumi mbili zake

Andika. Nimesema andika. Kalamu uiache utaiacha baadaye. Usinitazame, tazama karatasi


19 Aprili

Kocha,

Barua ile ilikatika pale kwa sababu mimi ndiye niliyesimama. Ilikaa mezani siku tatu hivyo hivyo, halafu nikaituma bila kumwambia. Nilitaka ikuwahi kabla ya kesho, na hii nampa dereva wa basi la usiku ikufikie asubuhi.

Sina mengi. Leo ni siku ya kumi na moja sijasema naye. Nampikia, namwekea, naondoka. Namwogesha maana goti haliruhusu, namwogesha kimya. Yeye ambaye hanyamazi hata usingizini naye amenyamaza. Nyumba imekuwa kama ukumbi ule baada ya watu kutoka.

Nilikaa na huyu mama kwa hiari yangu. Ndugu zangu walikuja kunichukua baada ya mazishi, nikakataa, nikawaambia yule mama amebaki peke yake. Nimemfulia, nimemlisha. Jioni tukikaa pale uani, mimi nakutukana wewe, yeye anatikisa kichwa anasema haya mwanangu, tusimseme sana mzee wa watu. Nilidhani ni huruma yake.

Nikamuuliza kitu kimoja tu siku ile, kabla sijanyamaza. Nilimuuliza: "Ulipokaa juu yake, ulikuwa unamwona?" Akanijibu: "Nilikuwa namwona, mwanangu. Nilikuwa naona mguu wa kushoto unachelewa." Yeye hajui ngumi, anajua nguo. Na bado aliuona mguu.

Usimwambie mwandishi kwamba ulilisahau. Hukulisahau.

Kwa yale niliyokuita sijui nikuombe nini. Nikisema samahani inakuwa ndogo mno.

Mke wa Nanga


30 Julai

Kwa nyinyi wawili,

Nilikaa na barua zenu miezi mitatu na zaidi. Nilianza majibu mengi. La kwanza lilikuwa na maneno ambayo binti yangu aliyaona akachana karatasi.

Mama Sabuni, umenila miaka ishirini na miwili. Ulikuwa unakuja kunisalimia kabla sijahama, unaniletea chai kwenye chupa, unanitazama nikijilaumu, unaniambia kunywa kabla haijapoa. Barua zote hizi za Fundi Saa na Birika, nilidhani tunaliwazana. Kumbe mmoja wetu alikuwa na taulo. Sitaki kukuficha, kuna asubuhi nimeamka nikatamani nisingekufahamu.

Halafu wiki iliyopita nilikumbuka kamba. Ulingo ule kamba zake zilikuwa tatu, legevu, hata mtoto angepita. Kocha akiweka mguu ndani, mchezo umekwisha pale pale, huhitaji taulo wala nini. Kila kocha anajua. Nami nilijua. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kamba, nikachagua kukimbia hatua arobaini kutafuta kitambaa, kwa sababu kuingia ulingoni kungekuwa aibu kwake, na nilitaka aibu iwe ndogo. Hili silisemi ili kukupunguzia. Lako ni lako. Nalisema kwa sababu ni kweli, na mkweo alitaka kujua anichukie kwa lipi.

Mwandishi alikuja tarehe 20. Barua zenu mbili zilikuwa zimenifikia asubuhi ile ile. Nilimwambia sina la kusema. Orodha imetoka. Kifaru wa kwanza, Nanga wa nne, na chini ya jina lake wameandika aliachwa na kocha wake katika raundi ya saba. Nimeikata nikaiweka kabatini.

Sasa nataka tupambanishe moja la mwisho. Najua tulikubaliana tusiliguse. Nanga na Kifaru, Jumapili mchana, ukumbi ule ule. Raundi nne za mwanzo ni za Nanga, hakuna ubishi, anasimama katikati na Kifaru anazunguka kama mtu anayetafuta mlango. Ya tano Kifaru anaupata. Ya sita namwambia Nanga ashushe kidevu, hasikii. Ya saba anapigwa juu ya sikio na mguu wa kushoto unachelewa. Nanyoosha mkono kwenye kiti. Taulo lipo. Lina joto la pasi, linanukia sabuni yako. Narusha. Refa anapunga mikono.

Ukumbi unazomea. Nanga ananitukana mbele ya watu wote, tusi ambalo sitaliandika kwa sababu mkewe ndiye anasoma. Jikoni kwako haji siku kumi. Siku ya kumi na moja anakuja, anasimama uani amekupa mgongo. Unamwekea mayai. Anayala amesimama. Hapandi ulingo tena, kama alivyoapa. Anapata kazi ya kupanga mizigo kwenye bohari, ananenepa, anaanza kukoroma, anagombana na mkewe kuhusu sauti ya redio. Sasa hivi ana miaka arobaini na tisa na goti linamwanza kama lako. Hakuna anayemweka kwenye orodha ya kumi bora. Wakimkumbuka wanasema, yule aliyepigwa na Kifaru. Akisikia anakasirika wiki nzima, anasema zilibaki ngumi mbili, Kocha mjinga yule.

Matokeo sijayaandika. Katika barua zetu zote hujawahi kukubali apigwe. Nakuachia wewe.

Kocha


17 Agosti

Kwa Kocha,

Aliyeshika kalamu ni yuleyule. Hatujarudi kama zamani, tusidanganyane. Lakini barua yako aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye redio akasimama, akaenda uani, akakaa huko mpaka chai ikapoa. Aliporudi alisema, angeipandisha sana, Mama, mimi napenda sauti ya chini. Nikamwambia ungemzimia. Ndiyo maneno yetu ya kwanza hayo toka Aprili. Tuligombana kidogo kuhusu redio ya mtu ambaye hayupo, halafu akachukua karatasi.

Ya kamba nimeyasikia. Kila mtu abaki na lake.

Samahani siombi, maana nikiomba utalazimika kunipa, na wewe mtu mwema, utanipa kabla hujawa tayari. Nimefanya hivi. Mkwe kaandika barua kwa huyo mwandishi, fupi, haina Birika wala Mwashi ndani yake. Inasema kocha hakumkimbia Nanga, alitumwa. Inasema nani alimtuma na alikuwa amekalia nini. Jina langu lote liko chini, lile ambalo hata wewe hulijui, na kidole gumba changu cha kulia, kimejaa wino mpaka kwenye ukucha. Nimekisugua siku mbili hakitoki, mimi mfuaji mzima. Nikasema kibaki. Majirani wakija kusimama mlangoni, waje kwangu. Viti ninavyo.

Sasa lile pambano. Nimelisikiliza mara nne. Ulivyosema mayai yale anayala amesimama, hapo ulinikosea kidogo, maana ingekuwa nimemkasirisha angekaa. Akinuna alikuwa anakaa. Angekaa kwenye kile kigoda kifupi karibu na beseni, magoti yamefika masikioni, ale bila kunitazama, halafu aache sahani pale pale niokote mwenyewe, ndiyo adhabu yangu. Ningeiokota, Kocha. Ningeiokota kila siku mpaka leo. Na ile bukta yake ningeifua kwa mara ya mwisho, nikaipasua ikawa kitambaa cha kufutia meza, akiiona anune tena.

Toka tuanze nimempa ushindi kwa kila mtu. Nimempa Fundi Saa, nimempa Bwana Harusi, nimempa Birika mara mbili. Wewe unanibishia kidogo, halafu unaniachia, na mimi nalala vizuri siku hiyo. Miaka saba nimekaa hapa namshindisha mwanangu, na kila anaposhinda anabaki palepale alipo.

Basi chukua kalamu yako uandike na wewe, tusije tukabishana baadaye. Kifaru kamshinda Nanga. Raundi ya saba. Kwa taulo.

Nimekubali, Kocha. Kapigwa. Kapigwa vizuri, mbele ya watu, kazomewa mpaka mlangoni, na karudi nyumbani kwa miguu yake.

Kuna kifurushi pamoja na barua hii. Usikifungue mbele ya binti yako, ataanza maswali. Lilikuwa chini ya sanduku langu miaka yote. Ni kitu pekee kilichotoka ukumbi ule ambacho sikuwahi kukifua tena, na ukilitazama utaona kwa nini. Halina doa hata moja. Jana nimelitoa nikalikung'uta, mkwe kanipashia pasi, nikalinyoosha mimi mwenyewe nimeegemea meza, nikalikunja mara nne kama nilivyokuwa nakukabidhi. Likifika joto litakuwa limekwisha, hilo sina la kufanya.

Ulichelewa kwa sababu yangu. Lakini kengele ya raundi ya saba mimi naisikia kila siku, na najua na wewe unaisikia. Simama popote ulipo, hata kama ni sebuleni, hata kama mguu hauna nguvu.

Lirushe.

Mama yake Nanga